Wasomaji Wauliza: Nauli kwa simu, tiketi bila karatasi

Barua nyingi za mwezi huu zimeshika jambo moja: kulipa nauli ya matatu za Mombasa na jirani kwa simu na kuhakiki tiketi gari likiwa njiani. Tumechagua nane. Majina tumeyaondoa, mitaa tumeiacha, kwa sababu jibu la Likoni si lazima lifae Mtwapa.

Sacco yetu ina magari 34 ya Mtwapa hadi Posta. Tumeletewa programu ya kulipia nauli na kuskani tiketi, na aliyeileta anataka tuiingize kwa magari yote kwa mpigo. Wanachama wamegawanyika. Tuijaribu vipi kabla ya kutia saini? — Katibu wa sacco, Mtwapa

Msitie saini kwanza. Na majaribio msiyafanyie ofisini, maana ofisini kila simu ina chaji na mtandao, na hakuna anayegonga bati ashuke Bombolulu.

Chukueni magari sita. Manne yatumie programu, mawili yaendelee na pesa taslimu ili muwe na cha kulinganisha. Wiki sita zatosha, mradi ziguse mwisho wa mwezi na siku za shule kufunguliwa. Wiki ya kwanza msiiguse programu kabisa. Pimeni pesa taslimu. Mtu mmoja akae kiti cha nyuma, aandike konda ameanza kukusanya saa ngapi, amemaliza saa ngapi, chenji imedaiwa mara ngapi, na jioni mapato yamepungukiwa na kiasi gani ukilinganisha na vichwa alivyohesabu. Msipokuwa na namba hizo, mwisho wa majaribio kila mwanachama atasema lake. Wiki ya pili wapande wafanyakazi wenu na jamaa zao, wanaojua kwamba wanajaribu. Abiria wa kawaida waingie wiki ya tatu, na pesa taslimu iendelee kupokewa muda wote.

Kuna jambo ambalo wauzaji wengi wa mifumo hii hawalioni. Mashine nyingi za kuhakiki ziliundwa kwa miji ambako abiria hulipa mlangoni. Mabasi ya London yalianza kupokea kadi za benki za kugusa Desemba 2012, na kipimo cha kule ni nusu sekunde, kwa kuwa foleni nzima imesimama nyuma ya mtu mmoja. Kwetu gari huondoka kwanza, nauli hukusanywa njiani. Basi swali lenu ni hili: je, konda amemaliza safu zote kabla ya abiria wa kwanza kushuka? Aliyepanda Bombolulu akashukia Kongowea ana dakika chache tu, na ombi la PIN likichelewa atashuka na deni. Mpimeni huyo. Wa Mtwapa hadi Posta ana muda wa kulipa hata mara ya tatu, kwa hiyo matokeo yake yatawadanganya.

Kila gari liandikiwe namba nne kila siku: sekunde tangu konda aseme "nauli" hadi tiketi ikubaliwe, tiketi zilizosomeka mara ya kwanza katika kila mia, abiria waliokatwa pesa wasipate tiketi, na tofauti ya pesa zilizoingia kwenye tili (namba ya biashara ya kupokelea malipo ya M-Pesa) na tiketi zilizohakikiwa. Hiyo ya tatu ndiyo huua mradi, kwa kuwa mtu aliyekatwa shilingi 50 bure huwahadithia watu ishirini. Wekeni kikomo kabla ya kuanza. Sisi tungesema: wakizidi mmoja katika 200 kwa siku mbili mfululizo, simamisheni, rekebisheni, kisha anzeni wiki hiyo upya.

Na msikubali kuonyeshwa tiketi 20 zikipita vizuri mbele ya mkutano. Mkiskani tiketi 300 katika hali ileile, zisikatae hata moja, hapo ndipo mnaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba zinazokataa hazizidi 1 katika 100. Gari la abiria 14 likipiga safari 10 lina tiketi 140 kwa siku, hivyo hali moja inahitaji angalau siku tatu. Hali zenyewe ni hizi: jua la saa saba mchana, usiku taa za ndani zimezimwa, kioo kilichopasuka, mwangaza wa skrini umeshushwa, simu imewekwa hali ya kuokoa betri, mtandao umezimwa kwa konda, kisha kwa abiria, kisha kwa wote wawili. Simu za majaribio ziwe zilezile abiria wenu walizonazo: Tecno, itel, Infinix na Samsung za miaka mitano nyuma. Ile mpya ya mwenyekiti haitawaambia kitu.

Mimi ni utingo, Likoni kwenda Ukunda. Abiria ananionyesha ujumbe wa M-Pesa, nampita. Jioni nikifika kwa tajiri pesa hazitimii, nakatwa mimi. Wengine wanatuma kwa namba yangu halafu wanairudisha pesa kabla hatujafika. Nifanyeje? — Utingo, Likoni

Ndugu yetu, ujumbe ulio kwenye simu ya abiria usiuchukue kuwa risiti. Ujumbe wa jana unaweza kuhaririwa tarehe, na ujumbe mmoja wa kweli unaweza kuonyeshwa na marafiki watatu waliokaa safu tofauti. Amini kilichofika upande wako tu.

Pili, acha kupokea kwa namba yako binafsi. Mtu akikutumia pesa kawaida, anaweza kupeleka ujumbe wa muamala ule kwa namba 456 ya Safaricom na kuomba urudishwe. Huduma hiyo iliwekwa kwa waliokosea namba, na ndiyo hiyo wanayokuchezea. Pochi la Biashara (akaunti ya M-Pesa ya wafanyabiashara wadogo) na tili ya Lipa na M-Pesa ni tofauti: pesa hazirudi bila aliyelipwa kukubali. Pochi utaifungua mwenyewe kwa laini uliyonayo. Lakini kama gari si lako, tili ya mwenye gari ni salama zaidi kwako, kwa sababu hakuna atakayedai kwamba pesa ziliingia mfukoni mwako. Mwombe akuandikishe kuwa mhudumu wa tili, ili simu yako nawe ipate ujumbe kila malipo yanapoingia. Bila hilo utakuwa unampigia tajiri kila safari, na yeye huenda yuko msikitini au amelala.

Sasa ukusanyaji. Usitangaze "lipeni nyote". Watu 14 wakilipa kwa dakika moja, na wote nauli sawa, hutajua ujumbe upi ni wa nani. Anza safu ya nyuma, watu watatu au wanne. Waambie walipe, kisha kila mmoja akutajie tarakimu tatu za mwisho za namba yake. Ukiziona kwenye ujumbe wako, nenda safu ya mbele yake. Ambaye malipo yake hayajafika usimkaripie wala usimwambie alipe tena. Endelea na safu nyingine, umrudie baada ya dakika mbili. Mara nyingi ujumbe huwa umeshaingia. Tena, ujumbe wa kweli huingia katika mazungumzo yaleyale ya MPESA yenye meseji zako zote za zamani. Ukija peke yake kutoka kwa namba ya kawaida, hata kama umeandikwa vizuri, huo ni wa uongo.

Mwaka 2014 tulilazimishwa kadi za nauli, zikatufia mikononi. Kwa nini tuamini kwamba simu zitafaulu? — Mwenye magari mawili, Majengo

Mzee wetu, una haki ya kuuliza. Serikali iliweka 1 Julai 2014 iwe siku ya kuacha nauli taslimu. Siku ikasogezwa, na mwishowe agizo likabaki kwenye karatasi. BebaPay, kadi ya Google na Equity Bank iliyoanza Nairobi 2013, ilifungwa 2015.

Sababu kubwa haikuwa mitambo. Kadi zilikuwa za aina nyingi na hazikusomana, hivyo abiria mwenye kadi moja alipanda gari lenye mashine nyingine. Kadi ilitaka kujazwa pesa mapema, na mtu anayelipwa kibarua cha siku hawezi kulaza nauli ya wiki ndani ya plastiki. Na zaidi ya yote, konda na dereva huishi kwa pesa ya mkononi: mafuta, kuoshwa gari, chakula cha mchana, ujira wao wa jioni. Pesa ikienda moja kwa moja benki ikarudi baada ya siku mbili, gari linasimama.

Simu imetatua mawili ya kwanza. M-Pesa ipo tangu 2007, na pesa ya nauli imo humohumo ilimo pesa ya unga. La tatu bado ni lenu kulitatua. Katika majaribio, pangeni kabisa nani anaruhusiwa kutoa pesa kwenye tili, saa ngapi na kiasi gani. Wapo wanaotoa mara mbili, adhuhuri na jioni, na mafuta yakalipwa kwa tili ya kituo cha mafuta pasipo kutolewa taslimu. Msipolipanga hilo, konda atawaambia abiria kwamba "mtandao hauko" hata siku ambayo uko.

Mimi nauza mboga Kongowea, simu yangu ni kabambe, ile ya vitufe. Nasikia magari yatakuwa ya kuskani tu. Nitaachwa steji? — Mama mchuuzi, Kisauni

Mama, usiachwe. Kabambe yako yenye laini ya M-Pesa inatosha kulipa. Fungua menyu ya M-Pesa, chagua Lipa na M-Pesa, kisha Buy Goods, andika namba ya tili iliyobandikwa garini, kiasi, halafu namba yako ya siri. Kabla ya kukubali, soma jina linalotokea: liwe la sacco au la mwenye gari. Wapo wanaobandika karatasi yao juu ya ya gari.

Kama umebeba magunia, kubaliana nauli ya mzigo kabla ya kulipa, ulipe vyote mara moja. Lipa ukishakaa, si ukiwa umesimama steji, maana gari likijaa ukabaki nje, kudai pesa kwenye tili kuna kazi.

Na kwa sacco zinazosoma hapa: mfumo unaofaa huwa na njia ya tarakimu. Mtu akilipa kwa kabambe, ujumbe wake ubebe namba ya tarakimu sita, na namba hiyohiyo ijitokeze kwenye simu ya konda. Atalinganisha kwa macho. Ni polepole kuliko kuskani, lakini bora kuliko kumshusha mama na mboga zake.

Nasoma chuo hapa Mombasa na ninaunda programu ya tiketi za QR, ile picha ya visanduku vyeusi na vyeupe inayosomwa na kamera. Nyumbani inafanya kazi. Garini inasoma kwa taabu, bila mtandao inagoma, na kuna wanaokatwa pesa bila kupata tiketi. — Mwanafunzi, Tudor

Tuanze na pesa, kijana wetu, kwa sababu hilo ndilo linaloumiza watu.

Seva yako inapoomba M-Pesa ifungue kisanduku cha PIN kwenye simu ya abiria, hujibiwa papo hapo kwamba ombi limepokelewa. Jibu hilo halina maana kwamba amelipa. Matokeo yenyewe huja baadaye, yakiwa na tarakimu: 0 amelipa, 1 salio halitoshi, 1032 ameghairi, 1037 simu haikupatikana au hakujibu, 2001 PIN si sahihi. Matokeo hayo yanaweza kupotea njiani, na yanaweza kuja mara mbili. Kwa hiyo hifadhi namba ya ombi kabla ya kufanya lolote jingine. Sekunde 30 zikipita kimya, usikae kungoja. Uliza wewe hali ya muamala. Tiketi ifungwe kwenye namba ya risiti ya malipo, ili matokeo yakirudiwa isitoke tiketi ya pili. Na kitufe cha "lipa tena" kifiche mpaka ujue la kwanza limeishaje. Halafu jaribu kwa makusudi: tuma maombi 50, na kila mara izime seva mara tu ombi likishatoka. Ukiiwasha, yote 50 yawe ama yana tiketi ama yamefungwa. Likibaki hata moja linaloelea, hujamaliza kazi.

Bila mtandao, dawa ni saini ya kidijitali. Seva hutia saini tiketi kwa ufunguo wa siri. Simu ya konda ina ufunguo wa wazi tu, na hiyo yatosha kuhakiki bila kuuliza popote. Simu ya konda ikiibwa, mwizi hawezi kuitumia kutengeneza tiketi. Weka yaliyo ya lazima peke yake: toleo baiti 1, namba ya ufunguo 1, namba ya tiketi 8, njia 2, saa ya kuanza 4, muda kwa dakika 2, idadi ya abiria 1. Jumla 19. Saini ya aina ya Ed25519 ni baiti 64, zikawa 83. Zinaingia katika QR ya toleo la 5 (toleo likipanda, visanduku huongezeka), kiwango cha marekebisho ya makosa M: visanduku 37 kwa 37. Tatizo ni kwamba maktaba nyingi za kuskani hudhani zinasoma maandishi, zikaharibu baiti mbichi, na saini ikakataliwa bila sababu ya kuonekana. Ukikimbilia Base64, njia ya kugeuza baiti kuwa herufi, unapata herufi 112, ukapandishwa toleo la 7, visanduku 45. Tumia Base45, ambayo herufi zake QR huzibana zaidi: herufi 125, toleo la 6, visanduku 41.

Hapo ndipo kasi ya kusoma inapopatikana. Ukijumlisha ukingo mweupe wa visanduku vinne kila upande unapata 49. Skrini ya upana wa milimita 60 hivi inampa kila kisanduku milimita 1.2, na kamera ya bei nafuu huisoma kwa umbali wa kiganja. Ukijaza jina la abiria, jina la sacco na anwani ya tovuti, visanduku vinakuwa vidogo kama chembe za mchanga na konda anaanza kutikisa simu. Kagua pia mandhari ya giza. Programu nyingi hugeuza rangi usiku zikafuta ule ukingo mweupe, na zipo kamera zisizosoma QR iliyogeuzwa. Ilazimishe skrini iwe nyeupe na mwangaza uongezeke wenyewe tiketi inapofunguliwa.

Wengi hutuuliza juu ya picha ya skrini: abiria anampigia mwenzake picha ya tiketi. Android inakuruhusu kuzuia picha hiyo, lakini simu ya pili itapiga picha ya kwanza. Kuna wanaoweka namba inayobadilika kila sekunde 30. Kwa matatu, kwa maoni yetu, iko njia rahisi zaidi. Abiria wetu hulipa akiwa ameshapanda. Basi mwache aandike tarakimu nne zilizobandikwa garini, na tiketi ifungwe kwa gari hilo. Nakala haifai gari jingine, na ndani ya gari hilohilo simu ya konda inakumbuka tiketi iliyokwisha kuskaniwa.

Mwisho, saa. Hifadhi muda kwa saa za kimataifa, uonyeshe kwa saa za Afrika Mashariki ambazo ziko mbele kwa saa 3; ukichanganya, tiketi ya leo asubuhi inazaliwa ikiwa imekwisha. Simu ya konda iliyozimika betri inaweza kuamka na tarehe ya miaka ya nyuma, kwa hiyo ikatae saa iliyo kabla ya mara ya mwisho ilipowasiliana na seva. Na usiandike "mwisho saa 3:00" kwenye tiketi ya Kiswahili. Mwingine ataisoma saa tatu asubuhi, mwingine saa tisa alasiri, na wote wana haki. Andika "15:00, saa tisa alasiri".

Nilinunua tiketi moja ya Ukunda hadi mjini. Feri ikachelewa, nilipofika upande wa pili konda akaskani, mashine ikasema imekwisha muda. Nikalipa tena. Kosa ni la nani? — Abiria, Likoni

Kosa ni la aliyepanga muda wa tiketi, na sababu yake tunaikuta mara kwa mara: alihesabu barabara akasahau maji.

Safari yako ina vipande vitatu: gari la Ukunda hadi Likoni, feri ambayo mwenda kwa miguu hupanda bure, na gari la kutoka Ferry, steji ya upande wa kisiwani. Kipande cha kati hakina tiketi, kwa hiyo mfumo hauoni kwamba bado unasubiri. Kama tiketi ilipewa dakika 90 tangu ununuzi, foleni moja mbaya imezimaliza.

Marekebisho ni mawili. Kwanza, muda wa kipande cha mwisho uanze kuhesabiwa pale konda wa gari la Likoni anapokihakiki kipande cha kwanza, si pale uliponunua. Watu hununua wakiwa bado wanakunywa chai nyumbani. Pili, muda wa kuvuka upimwe. Watu wanne wenye saa wavuke mara kwa mara kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na saa kumi hadi saa moja jioni, kwa wiki mbili, waandike kutoka kushuka garini Likoni hadi kukaa garini upande wa kisiwani. Wasichukue wastani. Wazipange namba kuanzia ndogo hadi kubwa, wachukue ile ambayo 95 kati ya 100 ziko chini yake, kisha waongeze nusu saa kwa siku ambayo feri moja iko matengenezoni. Sacco haipotezi chochote kwa kuongeza muda, maana kila kipande hutumika mara moja tu.

Hilo likirekebishwa bado kuna hesabu ya kugawana, kwani gari la Likoni na la kisiwani mara nyingi ni la sacco tofauti. Zikubaliane kugawa kwa tiketi zilizohakikiwa, siyo zilizouzwa. Wewe, hifadhi ujumbe wa malipo yote mawili na udai kwa waliokuuzia tiketi ya pamoja. Konda aliyefuata mashine hana uwezo wa kukurudishia.

Nimepewa kazi ya kufunga mashine za kuskani kwenye matatu. Zinazima gari likiwashwa, na mbili zimekufa kwa joto. — Fundi wa umeme wa magari, Changamwe

Fundi, kuzima gari likipigwa stata ni voliti kushuka. Gari dogo la 12V linaweza kushuka hadi 9V au chini zaidi kwa muda mfupi, na kile kichaji cha tundu la sigara hukata. Weka kigeuzi kinachopokea 8 hadi 36V na kutoa 5V kwa ampea 3. Hicho kitafaa hata minibasi za 24V, nawe utabeba aina moja tu ya kifaa. Wati 15 kwenye 12V ni ampea 1.25, ongeza upotevu uwe 1.5, fyuzi ya ampea 3, karibu na chanzo, si karibu na mashine. Chukua umeme unaowaka na ufunguo, la sivyo gari likilala siku mbili betri itakuwa imekufa.

Waya wa USB uwe mfupi na mnene. Waya mwembamba wa mita mbili hupoteza voliti hadi mashine ikaonyesha inachaji huku asilimia zinashuka.

Joto: betri za lithiamu hazitaki kuchajiwa juu ya nyuzi 45, na dashibodi iliyoegeshwa juani Mwembe Tayari hupita hapo bila shida. Usiifunge chini ya kioo cha mbele. Ifunge kwenye nguzo nyuma ya mlango, kimo cha kifua, uso ukitazama ndani ili jua lisipige kioo cha kamera. Magari ya Ferry yana adui mwingine, chumvi. Kwaruza bati mpaka ling'ae kabla ya kufunga waya wa chini, kisha upake grisi juu ya kiungo. Na mwambie konda apanguse kamera kwa kitambaa laini kila asubuhi. Utando wa chumvi hauonekani kwa macho, lakini mwanga ukiupiga kamera huona ukungu.

Nililipa nauli kwa namba ya konda, jioni akaanza kunitumia meseji. Nifanye nini? — Binti, Bamburi

Pole sana, binti yetu. Ukituma kwa namba ya mtu, ujumbe anaoupata unaweza kubeba jina lako na namba yako. Ukilipa kwa tili, ujumbe huenda kwa mwenye tili. Kwa hiyo uliza tili, na kama haipo lipa taslimu. Hulazimiki kumpa konda namba yako ili usafiri.

Aliyekutumia meseji usimjibu. Piga picha meseji zake kabla ya kumzuia, andika namba ya gari, tarehe na saa, upeleke kwa ofisi ya sacco. Jina la sacco limeandikwa ubavuni mwa gari. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haimruhusu mtu kuitumia namba aliyoipata kwa malipo kwa shughuli nyingine bila ridhaa yako, na sacco isipochukua hatua unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Akitishia, nenda polisi siku hiyohiyo.

Sacco zinazojaribu mifumo mipya nazo zikague skrini ya konda wao. Anachohitaji kuona ni jina la kwanza, tarakimu tatu za mwisho na alama ya kijani.